Wageni Wasiosema

Zamani, ukitaka kumwudhi Mukamugema, ungemwambia kuna jiwe limebaki kwenye maharagwe yake. Hakuwa mtu wa hasira za ovyo, lakini hilo hakulivumilia. Angekupokonya ungo, akainama, akapitisha macho mara moja tu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akakurudishia bila neno. Jiwe halikuwapo. Wanawake waliochambua naye kwenye depo ya maharagwe pale mtaa wa Murara waliacha kubishana naye mapema, na bishano lolote baina yao wakalipeleka kwake. Lipelekee jicho la Mukamugema, walisema, na jicho likisema safi basi ni safi.

Asiyeijua kazi hiyo ataiona ya kitoto. Lakini Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima, na punje ya jiwe jeusi ikiingia kwenye gunia inajificha kati ya maharagwe na kungoja jino la mtu. Mikono haisaidii sana. Lazima akili yote uipeleke machoni na kuifungia humo tangu asubuhi mpaka jioni. Wanawake wale wakirudi nyumbani na kufumba macho waliona maharagwe bado yanapita, mekundu, ya njano, yenye madoa, gunia zima bila gunia. Walicheka na kuyaita maharagwe ya bure. Hakuna aliyefikiri ni ugonjwa, na kwa kweli haukuwa ugonjwa.

Mukamugema alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, kwa watu wa ng'ombe na mashamba. Mwaka wa 1996, uasi wa kwanza ulipopita, watu waliosema wanawalinda wanakijiji walimwua mumewe nyuma ya zizi. Alishuka Goma kwa miguu, akimshika mkono binti yake Béata na kumbeba mgongoni Nsanzimana, ambaye alikuwa bado ananyonya. Alijenga chumba cha mbao Murara, akatia mlango wenye kufuli la maana, kitu ambacho majirani walimtania nacho, kwa sababu kufuli lilikuwa imara kuliko nyumba.

Januari 2002 mlima ulipopasuka na moto ukateremka mjini, aliufunga mlango huo kwa ufunguo. Msimcheke, nusu ya Goma ilifanya vivyo hivyo. Watu walihofia wezi, maana mwizi wanamjua, na mto wa mawe yanayowaka hakuna aliyejua tabia yake. Nsanzimana alikuwa na miaka saba na alilia sana. Ili anyamaze, mama yake alimpa ufunguo aushike, akamwambia yeye ndiye mwenye nyumba, asiupoteze. Mtoto aliukaza kwenye ngumi mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Siku chache baadaye walirudi na kukuta nyumba, kufuli na mtaa wote viko chini ya jiwe refu kuliko mtu, bado linatoa mvuke. Mtoto aliupinda ufunguo kwa kuupiga na jiwe hilo hilo, kwa hasira, kisha akauvaa shingoni kwa uzi. Hakuuvua tena.

Walihamia mtaa wa Katoyi, wakajenga chumba kingine cha mbao na kuanza upya.

Nsanzimana alikuwa na miaka kumi na saba waasi wengine walipouteka mji, Novemba 2012. Walikaa siku chache tu wakaondoka, lakini alichokiona katika siku hizo hakikumtoka. Akaacha kula vizuri. Akaacha kuongea. Asubuhi moja ya Desemba alifunga kifurushi na kusema anapanda Masisi, kujiunga na vijana waliokuwa wakilinda vilima. Mukamugema alisikia neno hilo, kulinda, akamkumbuka mumewe nyuma ya zizi, damu ikamchemka. Alimzuia mwanawe mlangoni.

"Nsanzi, ukivuka ku hii mulango, siku utarudia sitakuangalia. Nitageuza sura. Ujue ivo."

Kijana alimtazama, akavuka.

Hasira ya mzazi ni kitu cha dakika moja, na Mukamugema alikuwa ameshajuta kabla mtoto hajafika kwenye kona ya barabara. Lakini hakumwita. Aliona haya mbele ya majirani. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mwanawe arudi na kusimama pale pale, naye amtazame usoni kwa macho mawili na kumkaribisha, ili lile neno life. Habari zake zilikuja kwa vipande: ameonekana sokoni huko milimani, ameumwa, amepona, ana bunduki. Baadaye hata vipande vikakoma.

Macho yalianza kumwacha miaka minne au mitano baada ya hapo. Dunia ilijifunga kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu, na kwa kuwa hakuumwa hakwenda hospitali. Wengine walilaumu moshi wa mlima. Ilikuwa presha ya macho, na alipokuja kuambiwa hivyo ilikuwa imeshakula karibu yote, ikamwachia kijidirisha kidogo upande wa kushoto, pa kuona mwanga, na umbo na uso wa mtu akiwa karibu sana. Aliificha hali hiyo. Mtu aliyeitwa jicho angesemaje kwamba haoni? Akaomba kazi ya kufanyia nyumbani, akapeleka akili kwenye vidole, na vidole vikashika kazi ya macho vizuri kiasi kwamba kwenye depo hakuna aliyegundua. Béata alijua, na Béata alifunga mdomo.

Upofu aliweza kuuficha. Wageni hawakufichika.

Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na siku chache baadaye serikali ikaamuru mji uhame. Walitembea hadi Sake na umati usio na mwisho, wakalala kwenye varanda ya shule, wakarudi. Watu wote wa Goma walikuwa na roho mkononi, kishindo cha lori tu kiliwatoa nje. Adhuhuri moja ya Juni, Mukamugema alikuwa ameketi uani na ungo wake, akiyakaza macho upande wa kaskazini, akijaribu kuona kama anga ni jekundu. Alikuwa akifanya hivyo kila siku tangu warudi. Ghafla akaona. Moto mwekundu ulikuwa ukiteremka kwenye giza la macho yake, mpana, unaviringika, unakuja. Akatupa ungo na kupiga kelele kwamba mlima umetapika, moto uko hapa.

Aliyesema ni Mukamugema, na jicho la Mukamugema halikosei. Barabara nzima ilikimbia bila kutazama. Magodoro yalirushwa nje, vyungu viliachwa motoni, watoto waliburutwa kwa mkono mmoja. Jirani wa nyuma, mama mjane aliyeitwa Léocadie, aliteleza kwenye mawe makali mbele ya kiwanja chake, akaanguka ubavu, mfupa wa nyonga ukavunjika. Ilipita nusu saa kabla watu hawajagundua kwamba mlima umetulia na anga ni la kawaida. Ndipo mtu mmoja akapitisha mkono mbele ya uso wa Mukamugema na kuona kope hazipepesi.

Ikawa aibu juu ya aibu. Wako waliosema amerogwa, wako waliosema ni yeye mrogaji. Léocadie hakusema lolote, lakini hakutembea tena. Alibaki mtu wa kiti, anatolewa uani asubuhi na kurudishwa ndani jioni na jamaa zake. Mukamugema alikuwa akipapasa ukuta hadi kwenye tundu la uzio wa matete uliotenganisha viwanja vyao, akaketi huko upande wa pili, wakachambua maharagwe pamoja. Léocadie aliombwa msamaha mara nyingi mpaka akachoka kuusikia.

Béata ndiye aliyempeleka mama yake kwenye kliniki ya macho huko Himbi. Aliyewapokea alikuwa mwuguzi mmoja kutoka Bukavu, kijana mpole aliyeitwa Murhula. Alipima, akatikisa kichwa kuhusu macho, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: mama anaona nini pale asipoona? Mukamugema akasema yote. Si moto tu. Wanakuja pia watoto wadogo sana wenye sare za shule, wamepangana ukutani. Wanakuja wanawake wenye kofia kubwa. Na siku nyingine anakuja mwanamume, anasimama mlangoni, kimo cha mwanawe, ila hana uso. Aliwaita wageni, kwa kuwa hakuna aliyewaalika.

"Hauko na wazimu, mama," Murhula alisema. "Na hakuna mutu alikuloga."

Akamweleza kwa utulivu. Pa kuonea hapako machoni, pako nyuma ya kichwa, kisogoni, ndani ya ubongo. Macho kazi yake ni kuleta mzigo. Mzigo ukikosekana, pale kisogoni hapalali. Panaendelea kuchemka penyewe, na hata kwa mtu mwenye macho mazima panachemka hivyo daima, gizani na mchana, ila mzigo wa kweli unapafunika. Akachukua mfano wa redio. Redio ikikosa kushika stesheni inatoa kelele yake yenyewe, na ukizidi kuongeza sauti ili uipate stesheni, kelele nayo inapanda. Akili ya mtu ndiyo inayoongeza sauti hiyo. Ukiielekeza mahali, ukangoja kuona kitu hapo, unapaamsha kabla kitu chochote hakijafika, na mara nyingine kinachoonekana ni ule mwamko tu.

Hakumwomba aamini hivi hivi. Alimkalisha mbele ya ukuta mweupe na kumwambia autazame kwa bidii, angoje. Wanawake wenye kofia wakaja, wengi. Kisha akamwekea mapajani bakuli la maharagwe lenye changarawe, akamwambia atoe mawe na kuyahesabu kwa sauti. Alipofika jiwe la tisa, wanawake walikuwa wamefifia. Kwenye la kumi na tano ukuta ulikuwa giza tupu. Akarudishwa ukutani, wakarudi. Akarudishwa kwenye bakuli, wakaondoka. Mukamugema alikumbuka maharagwe ya bure ya Murara na kwa mara ya kwanza tangu Juni alicheka kidogo.

Kisha akauliza lile lililomleta. Yule wa mlangoni, je, si roho ya mwanawe inayomtafuta?

Murhula alimshika mkono. "Ile vitu haisemake, mama. Mutu wa kweli anasemaka. Ukiona mutu na hasemi, usimupatie akili. Geuza sura, peleka akili ku mikono, hesabu. Ataenda."

Béata alidhani mama yake atakataa, kwa kuwa mwenye kiu kama yake angeshikilia hata kivuli. Walipofika nyumbani Mukamugema alisema kwamba hataki kumwona mwanawe kwa uongo. Na alipopita karibu na uzio, akasikia kiti cha Léocadie kikilia, akazidi kukaza roho. Kuona kwake kwa uongo kulikuwa kumemvunja mtu mfupa. Hakutaka kumvunja mwingine.

Akashika masharti hayo kama dini. Mgeni akija, mama anageuza uso, vidole vinaingia kwenye maharagwe, anahesabu chini kwa chini. Mwanzoni walichelewa kuondoka. Baada ya mwaka walikuwa wakiondoka kabla ya jiwe la tano. Yule wa mlangoni ndiye aliyekuwa mgumu, kwa sababu kila mara moyo ulimtoroka ukamkimbilia, na ukimkimbilia tu anakolea. Alimfukuza kwa machozi. Kila aliporudi kliniki Murhula alimsifu, na yeye, ambaye zamani sifa zilimwingia kupitia macho, alianza kujivunia kutotazama.

Basi ikaja Januari 2025. Mapigano yalifika mjini siku ya Jumapili, na Jumatatu mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, mizinga ilisikika upande wa uwanja wa ndege. Maiti zilikaa barabarani. Katika nyumba ya jirani wa kulia, ambaye alikuwa amekimbia na familia yake, waliingia watu wenye bunduki, wakafanya pao. Walikuwa wakipekua mtaa nyumba kwa nyumba, wanatafuta vijana waliokuwa wamepigana upande mwingine na kutupa sare zao. Waliopatikana walipakiwa kwenye malori. Wengine hawakufikishwa hata kwenye lori.

Siku hizo tatu wageni walimjia Mukamugema kwa wingi kama hawajawahi kuja. Alijua sababu, Murhula alikuwa amemweleza. Hofu ilikuwa imemfanya akodoe macho na kutega masikio kila upande, na akili ikikodoa hivyo, kelele inapanda. Alichoweza kufanya ni kuchambua. Alichambua gunia lile lile mara mbili.

Jumatano asubuhi Béata alikwenda ziwani na madumu, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na tone la maji. Mukamugema alibaki peke yake, ameketi kwenye kigoda ndani ya mlango wa nyuma, ule unaotazama uzio wa Léocadie, ungo mapajani. Mlango ulikuwa wazi ili mwanga uingie. Kutoka nyumba ya kulia zilisikika sauti za wale wanaume, karibu sana, wanapika kitu na kugombana.

Umbo likaja mlangoni.

Aliliona kwenye kile kijidirisha cha kushoto. Mwanamume, mwembamba, shati limempwaya. Amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Kimo ni kile kile anachokijua, ila safari hii kilikuwa na uso. Mashavu yameingia ndani, ndevu kidogo, na macho. Macho ya Nsanzimana. Uso wa Mukamugema ukainuka wenyewe kumfuata.

Yule mtu alipandisha mkono polepole na kuweka kidole mdomoni.

Hakusema kitu. Mukamugema alingoja. Alingoja muda mrefu, amekaza macho yake mabovu kwenye uso ule, midomo yake imeshafunguka kutaka kuita. Hakusema. Ndipo neno la Murhula likamjia, lote, na pamoja nalo barabara nzima inayokimbia na mfupa wa Léocadie. Akipiga kelele sasa, akaita jina la mwanawe wa vita mbele ya watu wa bunduki, kwa ajili ya mgeni wa bure? Watakuja mbio. Watamkuta Béata njiani. Akajiambia kwamba amempatia akili nyingi mno, ndiyo maana sasa amempatia hata uso.

Akageuza sura ukutani. Akaingiza vidole kwenye maharagwe na kuanza kuhesabu.

Kulikuwa na harufu. Jasho, moshi, na kitu kama majani mabichi. Aliisikia, akasema moyoni kwamba mji mzima unanuka moshi. Mahali fulani bunduki zilirindima kwa mfululizo, na ungo ukatikisika kidogo mapajani. Hakuinua uso. Hesabu ilimpotea, akaanza tena kutoka moja, machozi yakimdondoka kwenye maharagwe, na safari hii akafika arobaini bila kukosea. Alipotazama, mlangoni palikuwa na mwanga tu.

Aliona fahari. Hilo ndilo analoshindwa kujisamehe kuliko yote, kwamba alikaa pale kwa dakika nzima, ameona fahari, akifikiria jinsi atakavyomsimulia Murhula kwamba amemshinda hata yule mwenye uso.

Vidole vikaendelea na kazi yao. Kwenye ukingo wa ungo, upande wa mlango, viligusa kitu kigumu. Vilikibana ili vikitupe pamoja na mawe mengine. Hakikuwa jiwe. Kilikuwa kirefu, baridi, kina tundu kichwani na uzi uliochakaa ndani ya tundu, na meno mwishoni. Katikati kilikuwa kimepindika.

Alipiga ukelele ambao watu wa Katoyi wanausema mpaka leo. Aliita jina la mwanawe, zima, Nsanzimana, mara tatu, bila kujali nani anasikia. Alianguka nje, akatambaa juu ya mawe mpaka kwenye tundu la uzio, ufunguo ameung'ata kwa meno ili mikono iwe huru. Upande wa pili alimsikia Léocadie akilia kwenye kiti chake.

Nsanzimana alikuwa amepitia hapo, kwa Léocadie, kuja na kurudi. Aliruka ukuta wa mbele wa mjane huyo alfajiri akajilaza kwenye kibanda chake cha kuku, akingoja Béata atoke, kwa kuwa hakutaka kumtia dada yake matatani. Aliporudi kutoka kwa mama yake aliinama karibu na kiti, akanong'ona maneno machache tu, kisha akatoka kwenda barabarani, mchana kweupe, kama mtu ambaye hana tena sababu ya kujificha.

"Alisema: Mama ameniona. Macho yake ilinifwata, halafu akageuza sura. Alisema atafanya ivo, na amefanya. Umuambie sina kinyongo," Léocadie alisimulia. "Nilimuambia hauoni, Mama Béata. Nilimuambia. Lakini alikuwa ameshafika ku barabara, bunduki zilikuwa zinalia, hakusikia. Watu wangu walikuwa wameenda kutafuta maji, na mi siwezi kusimama."

Mukamugema alijua vizuri ni nani aliyemfanya asiweze kusimama.

Watu wa nyumba ya kulia walikuja kuangalia ni nini. Walimkuta mzee kipofu ana ufunguo mdomoni, wakacheka, wakaondoka. Béata aliporudi na maji aliambiwa, akayaweka chini madumu, akatoka tena pale pale. Alimtafuta ndugu yake kwa siku tisa. Aliuliza hospitalini, akapita kati ya maiti zilizolazwa nje ya chumba kilichojaa, akifunua nyuso moja moja. Aliuliza waliokuwa wamesimama karibu malori yalipopakia. Mmoja alisema amemwona kijana mwembamba mwenye shati kubwa, aliyepanda mwenyewe bila kusukumwa. Mwingine alisema hapana, huyo alikuwa mwingine. Mpaka leo hakuna anayejua. Matanga hayakuwekwa, maana nani angekubali kuketi chini kumlilia mtu ambaye huenda yu hai?

Njia zilipofunguka, Murhula alikuja mwenyewe Katoyi. Mukamugema alimsimulia bila kulia, kuanzia kidole mdomoni hadi harufu. Akamwekea ufunguo kiganjani. Murhula alishika tama. Mwishowe alisema amekosea, angemfundisha kunyoosha mkono na kugusa. Mukamugema alimjibu kwamba yeye hamlaumu. Alichosema kuhusu kichwa kilikuwa kweli, kila neno. Angemlaumu vipi mtu aliyesema kweli?

Hachambui tena. Ungo ameutundika ukutani, na depo imempata mwingine. Kutwa anaketi kwenye kigoda kile kile, mikono mitupu magotini, na akili yote ameipeleka mlangoni, kwa ile nguvu aliyokuwa akiitumia Murara kwenye gunia. Anajua anachokifanya. Anaongeza sauti mpaka mwisho. Wanamjia watoto wenye sare, wanamjia wanawake wenye kofia, unamjia hata moto, na mara nyingi kwa siku anamjia mwanamume wa kimo kile, amenyamaza, kidole mdomoni. Hageuzi uso tena kwa yeyote. Anampa kila mmoja macho yake yote mawili yasiyoona na kumwambia maneno yale yale.

"Karibu, mutoto wangu. Niko nakuangalia."

Béata aliwahi kumwuliza inafaa nini, kuwakaribisha watu ambao hawapo. Mama yake alisema hajui tena kuwatenganisha, na kwa hiyo hawezi kumwacha hata mmoja apite bila kukaribishwa. Béata hakuuliza tena. Siku hizi akirudi kutoka ziwani na kukuta uso wa mama yake umeinuka kumwelekea, na kusikia maneno yale, husimama kidogo pale mlangoni na madumu yake, amenyamaza, kabla ya kusema ni yeye.